Siku Shemeji Alipotoa Vidange

Katika nyumba yangu ya Kanyosha hakuna kitu kinachofanya kazi kiliyotengenezewa. Bidoni ya plastiki iliyokuja na mawese imekatwa shingo, sasa ni beseni. Na ile shingo yenyewe, pamoja na mkono wake, ndiyo ninayochotea unga. Kopo la rangi nimelitoboa kwa msumari na kulipaka udongo ndani, likawa mbabula, jiko la makaa, na linapika maharage vizuri kuliko mbabula za sokoni zinazopasuka kabla hujamaliza mfuko wa makaa. Magunia ya mchele yamejaa udongo na mboga ya lengalenga. Bawaba za lango ni kamambili, ndala za mpira, zilizokatika, na haziombi mafuta wala hazipigi kelele. Chandarua kilichotoboka kinalinda vifaranga.

Watu wanasema mimi ni mchoyo. Nawafahamu wote wanaosema, na wao wanajifahamu. Sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, nikatolewa kwenda kulea watoto wa watu. Lakini kuna somo moja nililipata baadaye, na mwalimu wangu bado yuko hai, anakaa nyumba ya juu kidogo ya kwangu, na nitamtaja hivyo hivyo: jirani wa juu.

Wakati wa vita tulikimbia, mimi na marehemu mume wangu na mtoto mgongoni. Mume wangu alifunga mlango kwa ufunguo kama mtu anayekwenda misa. Ulikuwa mlango mzuri, wa mbao nzito, aliupaka rangi ya buluu mwenyewe. Ufunguo niliufunga kwenye ncha ya kitenge, nikatembea nao, nikalala nao, nikala ugali wa watu nao. Tuliporudi ufunguo ulikuwepo. Mlango apana. Mabati yalikwenda, madirisha yalikwenda, kuta zilibaki kwa sababu hazibebeki. Nilisimama pale na ufunguo mkononi kama mjinga aliyekosea nyumba.

Jirani wa juu hakuwa amekimbia mbali. Alitushukia siku ile ile na makaa ya moto ndani ya kopo, na chumvi kwenye jani la mgomba. Nasema hilo kwa sababu ni kweli, hata kama linaniuma kulisema. Kesho yake nilipanda kwake kumshukuru, nikamkuta ana meza mpya. Meza nzito. Ya buluu. Upande mmoja ilikuwa na tundu dogo, na tundu hilo alilifunika kwa sahani.

Mume wangu alisema tuache. Alisema walio hai wametosha, tusianze kutafuta na mbao. Basi tukaacha. Lakini kila nilipopanda kwa jirani wa juu, hata kama ni kuomba kiberiti tu, sahani ilikuwa inatembea mezani mpaka ifike juu ya tundu ndipo mimi nikaribishwe kukaa. Miaka yote hiyo. Mimi naangalia sahani, yeye anaangalia mimi, tunaongea habari za mvua. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kitu cha mtu mmoja kinaweza kuanza maisha mengine kwa mtu mwingine. Na mimi nikaamua kwamba vitu vyangu vitaanza maisha mengine hapa hapa kwangu.

Ufunguo nao sikuutupa. Ulikuwa na meno mazuri. Nilikuwa nafungulia chupa.

Sasa, chupa. Anayekaa Bujumbura anajua vidange ni nini, lakini nitaeleza kwa sababu maneno haya ndiyo yaliyoniletea balaa. Vidange ni chupa tupu ya bia au ya fanta. Ukitaka kinywaji kwenye depo, ghala la vinywaji, unapeleka vidange, chupa kwa chupa. Huna vidange, unarudi nyumbani na kiu yako. Na siku hizi vinywaji vimekuwa vya kutafuta. Kuna wiki depo zimefungwa, kuna wiki zimefunguliwa lakini ndani mna muuza bia amekaa peke yake na redio. Anayepata ni yule aliye na vidange zake, amezipanga, anangoja gari.

Mimi nilikuwa nazo. Binti yangu wa mwisho alikuwa amepata mchumba, kijana wa Carama, wa watu wazuri, na familia yao ilikuwa inakuja Jumamosi kukwa, kutoa mahari. Mgeni wa mahari hawezi kukalishwa kinywa kikavu. Msemaji wao hasemi, msemaji wetu hajibu, ng'ombe haitajwi, watu wanaangalia viatu. Nimeona mahali ambapo bia ziliisha kabla ya hotuba, na mpaka leo ile familia inaitwa jina ambalo sitaliandika. Nilikuwa mjane, sina mlango wa maana, sina salo ya kukaribishia wageni. Nilichoapa ni kwamba wakwe wa binti yangu watakunywa.

Kwa hiyo nilikusanya vidange tangu siku binti aliponinong'oneza. Za harusi, za matanga, za nyuma ya kabare wanakouza bia, za mtu aliyehama akaziacha chini ya kitanda. Niliziosha, nikachana kitenge changu cha zamani, kile cha majani mekundu, nikaziba kila mdomo ili mende wasiingie. Nikazipanga kwenye kasiye, yale makreti ya plastiki, ndani ya kibanda nyuma ya nyumba, pamoja na mali yangu nyingine.

Mtu wa kusimama mahali pa baba wa binti alikuwa mdogo wa mume wangu. Huyu naye namtaja: shemeji wa Kanada. Aliondoka hapa kijana mdogo, hajaonja bia, katika nyumba ya watu wa kanisa ambapo hata chupa ya siki ilitiliwa mashaka. Huko alikokwenda alioa, akazeeka kidogo, akanenepa uso. Alirudi na suruali nyeupe inayoishia magotini na simu inayopiga picha kila kitu. Alipiga picha mbabula. Alipiga picha bawaba za kamambili. Alipofika kwenye bustani yangu alichuchumaa kabisa.

Bustani hiyo ni lazima niieleze pia. Parseli yangu, kiwanja hiki, imeinamia korongo, na mvua ikija inataka kuondoka na udongo wote. Kwa hiyo nilipanda chupa. Nilizigeuza, mdomo chini, kitako juu, mstari kwa mstari, za kijani na za kahawia, zikashika udongo kama meno yanavyoshika ufizi. Jirani wa juu alicheka sana wakati ule. Alisema mimi ndiye mlevi pekee Kanyosha anayekunywa bila kunywa. Shemeji wa Kanada yeye alisema ni nzuri, ni kama sanaa, akapiga picha zake.

Alhamisi nikashuka soko kutafuta ndizi na mchele. Binti alikuwa kazini. Bwana wa depo alikuwa ameniahidi kwamba pikapu yake itapita kuchukua vidange, na mimi nimechelewa kwa muuza ndizi. Nikampigia shemeji simu.

"Shemeji, nisaidie kidogo. Toa vidange zote inje ya lango, kuna gari itapita kuzibeba."

"Hakuna shida," akasema. "Nimezoea. Hata kule kwetu ni kazi yangu kila wiki."

Nikakata simu nikimhurumia mke wake. Kila wiki! Na yule mtu wa kanisa. Nikasema moyoni, kumbe baridi ile inafundisha watu kunywa.

Niliporudi, lango lilikuwa wazi na uwanja umepigwa ufagio mpaka ardhi imekuwa kama imenyolewa. Vifaranga vilikuwa vinatembea njiani bila chandarua, vinaangalia dunia. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, jasho linamtoka, uso unang'aa kama mtu aliyebatizwa. Alisema ametoa vidange zote. Nikauliza kama gari limekuja. Akasema limekuja, na vijana wake ni wema sana, walimsaidia kubeba, walimshukuru hata, wakaondoka wanaimba.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tairi zangu za kukalia hazipo. Mbabula haipo. Lile gurudumu kubwa la mbao lililokuwa na nyaya za umeme, ambalo ndilo meza yangu ya sherehe, halipo. Nikaenda nyuma. Kibanda kilikuwa kimebaki na utando wa buibui, tena umekatika.

Nilirudi polepole. Nikamuuliza kasiye ziko wapi. Akauliza kasiye gani. Nikavuta pumzi.

"Shemeji. We unaposema vidange, unasema nini?"

"Les vidanges," akasema, na alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Takataka. Kule Kanada vidange ni takataka. Unatoa inje, lori inapita."

Wakati ule ule gari likapiga honi langoni. Ilikuwa pikapu ya depo. Dereva akashuka, akaangalia uwanja msafi, akamwangalia shemeji, akauliza vidange ziko wapi. Shemeji akamjibu kwamba amechelewa, wenzake wamekwisha kuzichukua.

Sikupiga kelele. Mtu aliyewahi kusimama na ufunguo bila mlango hana kelele nyingi zilizobaki. Nilipanda ile pikapu na ndizi zangu mapajani, nikaenda depo.

Na niliziona. Zilikuwa ukutani, kwenye kasiye zangu, na kila mdomo una kitambaa chenye majani mekundu. Vijana wa lori la takataka si wajinga. Mtu mwenye kaptula nyeupe anapokupa vidange safi, zimeoshwa, zimezibwa, bure, na anakuita "mon ami", unaimba kweli. Walikuwa wamepitia depo moja kwa moja.

Bwana wa depo, ambaye naye namtaja hapa kuwa wa tatu katika balaa hii, alisema amezilipia. Nikamwambia ni zangu. Akasema chupa zote zinafanana.

"Chupa ndiyo," nikamwambia. "Kitenge apana. Angalia sketi yangu."

Kwa bahati nilikuwa nimevaa kipande kilichobaki. Akaangalia sketi, akaangalia chupa, watu waliokuwa pale wakaangalia sketi na chupa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini kucheka si kurudisha. Alisema vinywaji vitaingia kesho, na kwamba mimi ni wa kwanza kabisa kwenye foleni, sharti nilete vidange. Nikamwambia basi anipe vitambaa vyangu. Hivyo alinipa. Nilizibua chupa moja moja mbele yake, nikajaza vitambaa ndani ya mfuko, nikarudi nyumbani na ndizi na matambara.

Binti alikuwa amerudi kutoka kazini. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, hajavua hata viatu vya kazi. Ameshasikia. Hakulia, na ingekuwa afadhali alie. Aliniambia pengine tuwapigie wale watu wa Carama simu, tuwaambie waahirishe. Nilimwangalia na kuona tayari anajizoeza aibu, anaipima kama mtu anayejaribu gauni.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye bustani, mikono nyuma, hana mahali pa kuiweka. Alisema atanunua, yuko tayari kununua chupa mpya, dunia nzima watu wananunua. Nikamwambia hapa hununui chupa, hapa unarudisha chupa. Akauliza sasa tutapata wapi chupa. Na huku amesimama juu yake.

"Shemeji," nikasema, "ile sanaa yako. Anza kung'oa."

Aliniangalia, akaangalia vitako vya chupa, kijani na kahawia, mstari kwa mstari mpaka ukingo wa korongo. Akasema lakini ni nzuri. Nikasema ndiyo, ni nzuri, piga magoti.

Jembe nilikataa, kwa sababu depo hawapokei chupa iliyovunjika mdomo. Nilimpa kijiko cha zamani na kifuniko cha sufuria kisicho na sufuria, vitu ambavyo alivisahau kutupa. Alichimba jioni ile mpaka giza, na Ijumaa asubuhi akaanza tena. Binti alikuwa anavuta, mimi nasugua kwa jivu na mchanga. Kila chupa ilikuwa na wenyeji wake: siafu, nyungunyungu, na moja ilikuwa na nge ambaye shemeji alimsalimia kwa Kifaransa kirefu. Ile suruali nyeupe ilikuwa nyekundu ya udongo mpaka makalioni. Jirani wa juu alitoka, akajiegemeza kwenye ua, akaangalia kwa muda mrefu. Aliuliza kama hivi ndivyo wanavyowapokea wageni kutoka Kanada. Shemeji akamjibu bila kuinua kichwa kwamba anatoa vidange.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akashuka, akafunga kitenge chake vizuri, akashika brashi akasugua nami. Sikumuomba.

Bwana wa depo alizipokea akizinusa moja moja. Chache alizikataa, zimepasuka mdomo, nazo ziko hapa, zinashikilia mishumaa. Nyingine alizikubali. Ijumaa jioni pikapu ilirudi imejaa, chupa zinagongana, na binti yangu alisimama njiani kuisikiliza inavyopanda. Hakuna ngoma iliyowahi kulia hivyo.

Ilibaki meza. Vinywaji havipangwi chini, na lile gurudumu langu lilikuwa limekwenda na lori. Nikawa nawaza tulaze mabati juu ya ndoo, ndipo jirani wa juu akasema kwamba yeye ana meza.

Nadhani neno lilimtoka kabla hajalipima.

Jumamosi asubuhi ikaletwa, shemeji anashika mbele, jirani nyuma, sahani iko juu yake, haikuondolewa hata safarini. Jirani alitandika kitambaa cheupe mwenyewe, sahani akairudisha juu ya tundu. Wakwe wakaja na mwavuli na nguo zinazong'aa, wakakaa, wakanywa. Walikunywa vizuri, kwa raha, kama watu ambao hawakuwahi kusikia habari ya upungufu. Msemaji wao alizunguka sana kama ilivyo desturi; alisema wamepita mbele ya nyumba nyingi, lakini wamesikia kwamba katika nyumba hii kitu hakitupwi, basi wameomba wapewe kimoja kitakachotunzwa vile vile. Watu wetu walicheka kuliko alivyotegemea. Shemeji akasimama kujibu, ana udongo chini ya kucha, akasema ni kweli, hapa hakuna vidange, na yeye ni shahidi. Ng'ombe zikatajwa. Binti yangu aliangalia chini kama inavyotakiwa, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Mimi nilikuwa nasimama mezani, nafungua chupa kwa ufunguo wangu. Shemeji baada ya hotuba alikuwa anazunguka akipokea chupa tupu kutoka mikononi mwa wageni, wengine hawajamaliza. Mama mkwe wa binti alimwomba amwache ameze. Hata moja haikutoka nje ya lango.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya milima ya Kongo, wakwe wakaaga. Nikatoa kitambaa mezani kukikung'uta. Sahani ilikuwa imekwenda na mchele, mtu aliipakulia bila kujua kazi yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile niliona tundu bila kifuniko. Na ndani ya tundu niliona chuma. Kitasa kilikuwa bado kimo ndani ya ubao. Alishindwa kukitoa, au aliogopa kupasua meza.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, unanuka bia. Niliuingiza. Uliingia kama anayerudi kwao. Nikazungusha, ukazunguka nusu, ukalia, ukakwama, na haukutaka kwenda mbele wala kurudi.

Jirani wa juu alikuwa amekuja nyuma yangu. Alikuwa amekuja kuchukua meza yake. Aliona ufunguo umesimama pale, na wala hakuuliza ni wa nini.

"Mvua ingeuozesha," akasema mwisho. "Nyumba haikuwa na watu. Mi nilisema, wakirudi..."

Nilikumbuka yale makaa, na chumvi kwenye jani. Nilikumbuka sahani pia.

"Mama jirani," nikasema, "miguu ni ya kwako. Miguu wewe ndiye uliyepigilia. Chukua miguu."

Kisha akamwita shemeji alete nyundo.

Vidange zote zimerudi bustanini, mdomo chini, kabla mvua haijaanza. Shemeji alizipanda mwenyewe kabla ya kupanda ndege, na mistari yake imepinda. Mlango umesimama mahali pake. Ufunguo haujatoka mpaka leo, kwa hiyo hatufungi, na chupa nafungulia meno. Nyumba ya juu, ile miguu minne ya meza imesimamishwa kwenye shamba dogo la nyanya, na nyanya zimeipanda mpaka juu.